Njia Mbili

Nilianza kazi ya simu mwaka 1976, na tangu hapo hadi nilipostaafu nimewapa vijana mashauri mengi. Mengi wameyasahau, nami nimeyasahau, na pengine ni heri. Lakini liko shauri moja nililolitoa chini ya mwembe, katika ua wa hospitali moja ya mkoa wa Morogoro, ambalo halijanitoka moyoni. Nilimwambia kijana mmoja fundi wa kompyuta: "Mwanangu, njia moja si njia. Weka mbili."

Maneno hayo hayakuwa yangu. Niliyarithi kwa wakubwa wangu wa kazi, nao waliyarithi kwa wakubwa wao. Wakati ule simu zilisafiri kwenye nyaya za shaba zilizotundikwa juu ya nguzo, na nguzo ina maadui wengi: moto wa mbuga, mchwa, lori lililokosa breki, na mwizi anayejua bei ya shaba. Kama kati ya mji na mji palikuwa na njia ya nguzo na njia ya redio, tulilala usingizi. Ikikatika moja, mtambo ulipeleka simu kwenye ile nyingine. Sikumbuki hata siku moja ambapo njia ya pili ilituletea madhara, na sababu yake nilikuja kuielewa nikiwa mzee: simu ikishapigwa hukamata njia moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mtu haigawanyiki ikapita kotekote, kisha ikazunguka na kumrudia mwenyewe mara elfu.

Hospitali ile ilikuwa na majengo mawili. Katika jengo la zamani ilikaa masijala pamoja na seva, na katika jengo jipya, ng'ambo ya ua, ilikuwa maabara na wodi ya wazazi. Waya mmoja uliofukiwa ardhini uliyaunganisha. Mwishoni mwa mwaka 2011 wachimba mtaro wa bomba la maji waliukata kwa sururu, na siku tatu zikapita kabla haujaungwa. Kijana yule akanijia kutaka shauri, kwa kuwa alinijua ni mtu wa mawasiliano. Nami nikampa hilo nililolitaja. Februari 2012 wakanunua redio mbili ndogo, wakazifunga juu ya mapaa, moja kila upande, zikitazamana kupitia matawi ya mwembe. Kila redio ilichomekwa kwenye swichi ya jengo lake, palepale ulipochomekwa ule waya wa ardhini. Njia mbili. Nilikwenda kuziona nikafurahi kama mtu aliyejengewa nyumba.

Siku ileile mtandao ulianza kuugua. Haukufa, na laiti ungekufa, maana kilichokufa hutafutwa kilichokiua. Ulikuwa unakwenda kwa kukohoa. Majibu ya maabara yaliyokuwa yakifika kwa dakika moja sasa yalichukua nusu saa, au hayakufika kabisa, na kompyuta zilizimwa na kuwashwa mpaka watu wakachoka. Machi hiyo mama mmoja aliyejifungua alivuja damu usiku, na jibu la kundi lake la damu likawa limekwama mahali fulani kati ya majengo mawili yanayotazamana. Muuguzi alivua viatu akakimbia uani na karatasi mkononi. Mama yule alipona. Asubuhi yake uongozi ulimwita kijana wetu, akapewa barua ya onyo kwa uzembe. Mimi sikuitwa, kwa kuwa jina langu halikuwa kwenye karatasi yoyote.

Hapa inanilazimu nimchukue msomaji mbali kidogo, hadi visiwa vya Hawaii, kwani ugonjwa wa mtandao ule ulizaliwa pamoja na wazo lililoanzia huko.

Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuziunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Katika simu tulizoea kumpa kila mtu njia yake. Wao hawakufanya hivyo. Waliwapa wote wimbi moja na kuwaambia: aliye na neno na aseme, mkigongana, kila mmoja anyamaze muda wa kubahatisha, kisha arudie. Kwa mtu wa simu huo ni ukorofi. Lakini ulifanya kazi. Kijana mmoja, Robert Metcalfe, alisoma maelezo ya Abramson, na mwaka 1973, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, akaandika waraka uliopendekeza makelele hayohayo yafanyike ndani ya waya badala ya angani. Yeye na David Boggs wakautengeneza mtambo, na mwaka 1976 wakauchapishia makala. Waliuita Etheneti, kwa jina la etha, ile hewa ya kufikirika ambayo wanasayansi wa karne ya 19 waliamini kuwa ndiyo inayobeba mwanga. Hewa hiyo haipo, lakini jina limebaki. Kufikia mwaka 1980 kampuni tatu, Digital, Intel na Xerox, zilikuwa zimekubaliana juu ya Etheneti ya biti milioni 10 kwa sekunde.

Etheneti ya kwanza ilikuwa waya mmoja mnene, na kila kompyuta ilijishikiza juu yake kama kupe. Anayesema husikiwa na wote, na ambaye si mlengwa hupuuza. Waya mmoja wenye miisho miwili hauwezi kuwa na kitanzi, na ndiyo maana hao waungwana hawakukiwazia kitanzi. Ujumbe mmoja wa Etheneti, unaoitwa fremu, umeandikwa anatoka nani na anakwenda kwa nani, basi. Haukuwekewa umri. Linganisha na pakiti ya intaneti, kama ilivyowekewa kanuni mwaka 1981: hiyo hubeba namba isiyozidi 255, na kila kituo inachopita huipunguza, ikifika sifuri hutupwa, hata kama haijafika. Pakiti huzaliwa ikijua kwamba itakufa. Fremu haijui.

Waya mmoja haukutosha kwa muda mrefu. Ofisi zilikua, ghorofa zikaongezeka, na kampuni ya Digital ikatengeneza kisanduku kilichoitwa daraja. Kisanduku hiki husimama kati ya waya na waya, husikiliza nani yuko upande gani, na huvusha fremu zinazohitaji kuvuka. Kama hakijui mlengwa yuko wapi, au fremu imeandikwa kwamba ni tangazo la watu wote, hukivusha kote. Swichi za leo ni watoto wa daraja hilo. Sasa weka madaraja mawili kati ya waya hizohizo mbili, kwa nia njema kabisa, ili moja likiharibika jingine lishike. Tangazo moja linatoka upande wa kwanza. Daraja la kwanza linalivusha. Daraja la pili nalo linalivusha. Upande wa pili kila daraja linasikia nakala iliyovushwa na mwenzake, linaidhani mpya, linairudisha. Hazitakoma. Katika waya wa biti milioni 100 kwa sekunde fremu ndogo zaweza kufikia karibu 148,800 katika sekunde moja, na fremu moja tu iliyonaswa katika kitanzi inaweza kuwa mbegu ya zote hizo. Mafundi huita hali hiyo tufani. Pamoja na tufani huja upofu: swichi, zikiona jina la kompyuta ileile likitokea kulia na mara hiyohiyo kushoto, hupoteza kumbukumbu ya nani yuko wapi.

Aliyetumwa kutibu jambo hili alikuwa mwanamke, Radia Perlman, aliyejiunga na Digital mwaka 1980. Alikuwa mtu wa njia, yaani wa elimu ya kuziongoza pakiti katika mitandao mikubwa, na hakupendezwa na madaraja hata kidogo. Ameeleza mara nyingi kwamba kosa lilikuwa watu kuidhani Etheneti ni mtandao kamili, wakaandika programu zisizo na ile tabaka ya juu yenye namba ya umri, na hapo ndipo ilipobidi kutafuta hila. Bosi wake alimpa kazi hiyo siku ya Ijumaa, naye bosi alikuwa anakwenda likizo. Akamwekea na sharti zito: kumbukumbu itakayohitajika ndani ya kila daraja isiongezeke hata mtandao ukikua vipi. Usiku ule Perlman akalipata jibu. Jumatatu na Jumanne akaliandika. Siku zilizobaki, kwa kuwa bosi hakuwapo wa kuonyeshwa, akatunga shairi juu yake, na makala yenyewe ilipochapishwa mwaka 1985 shairi lilitangulia mbele. Napenda sana jambo hilo. Katika maandiko ya simu niliyosoma maisha yangu yote sikupata kukutana na shairi.

Jibu lake ni hili. Acha watu wachomeke nyaya wapendavyo. Madaraja yenyewe yaongee kila baada ya sekunde 2, kila moja likitaja namba yake, na lenye namba ndogo kuliko yote liwe shina. Kila daraja lipime njia yake fupi kuelekea shina. Njia zilizo fupi zibaki wazi, na zilizozidi zizibwe. Zisikatwe, zizibwe tu: masikio yabaki wazi kusikiliza, mdomo ufungwe. Kinachobaki wazi ni mti, na mti una matawi lakini hauna kitanzi. Tawi likivunjika, njia iliyozibwa inagundua ukimya, inazibuka. Kanuni hiyo ilifanywa rasmi na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka 1990. Kwa vipimo vya kawaida vya kanuni ile ya kwanza, kuzibuka kulichukua sekunde 30 hadi 50, na mwaka 2001 ikatoka kanuni ya haraka zaidi.

Zingatia lile neno ukimya, msomaji, maana ndilo lililowaponza watu wa Boston. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ilizaliwa mwaka 1996 kwa kuunganishwa hospitali mbili, na mitandao yake ikaunganishwa vilevile, kiraka juu ya kiraka. Kanuni ya mti ilikusudiwa mtandao usiozidi hatua saba toka ukingo hadi ukingo. Wa kwao ulikuwa umezidi. Jumatano ya tarehe 13 Novemba 2002 programu moja ya mtafiti ilianza kunakili mafaili makubwa sana, na mtandao ukasongwa. Ile minong'ono ya kila sekunde 2 haikufika ilikotakiwa. Njia zilizozibwa zikasikia ukimya, zikadhani wenzao wamekufa, zikazibuka kwenda kuokoa. Kumbe wenzao walikuwa hai. Vitanzi vikafunguka na tufani ikaanza, nayo tufani ikazidi kuizamisha minong'ono. Hospitali ile ya kisasa ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa, watu wakibeba majibu ya maabara kwa miguu korido hadi korido. Mkuu wao wa kompyuta, daktari John Halamka, hakuficha kitu. Alisimulia hadharani kilichotokea ili wengine wajifunze. Nilipoisoma habari hiyo, nilimwona yule muuguzi wetu asiye na viatu.

Lakini swichi za hospitali yetu hazikuwa hata na huo mti. Zilikuwa swichi za bei nafuu zisizo na kanuni yoyote, zinazovusha kila kitu kama mlinzi aliyelala. Kitanzi chetu kilikuwa wazi mchana na usiku. Kilichotuchelewesha kuking'amua ni ile redio. Kitanzi cha waya mtupu huua mtandao katika sekunde moja, na fundi hujua. Chetu kilipita angani katikati ya matawi, na redio zile hazikuweza kurusha zaidi ya kiasi fulani, hivyo tufani ikawa ya wastani. Mtandao ulisongwa lakini haukukata roho.

Aliyetutoa gizani alikuwa mama mmoja wa maabara. Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, nilikuwa nimekaa na kijana wetu tukichomoa waya huu na kuchomeka ule bila mpango, naye akatusimamia mlangoni.

"Mzee," akasema, "mbona mvua ikinyesha mtandao unapona?"

Nilicheka. Ninakiri nilicheka, na nikamjibu kwa maneno ambayo mtu humwambia mtoto. "Mama, mvua huharibu mitandao, haiiponyi."

"Haya," akasema, akaenda zake.

Kijana hakucheka. Alikuwa na daftari lenye jalada la buluu ambamo aliandika kila malalamiko na saa yake, kwa kuogopa barua ya pili. Akaanza kupekua. Kisha akaniuliza ni siku zipi mvua ilinyesha, tukaitana na mlinzi wa getini ambaye huzikumbuka mvua kwa kuwa ndiye anayelowa. Siku za mvua kubwa malalamiko hayakuwapo. Mvua ikikatika, saa moja au mbili baadaye yanaanza. Tulitazamana. Tukatoka nje tukainua macho kwenye mwembe. Majani yalikuwa yanametameta kwa maji.

Mimi nilikuwa mtu wa redio miaka mingi, na hapo sikuhitaji kuambiwa. Majani mabichi hula mawimbi ya redio fupi. Majani yaliyolowa hula mara nyingi zaidi. Mvua iliponyesha, mwembe ulizikata zile redio zisionane. Kitanzi kilifunguka, ikabaki njia moja, na mtandao ukapona. Majani yakikauka, redio zikaonana tena, na ugonjwa ukarudi. Mti wa maembe ulikuwa ukifanya kwa bahati kazi ambayo Radia Perlman aliifanya kwa akili.

Tulirudi ndani. Taa za swichi zilikuwa zimetulia, kila moja ikipepesa kwa wakati wake. Tukangoja. Yapata saa tisa jua lilitoka, na mnamo saa kumi taa zote zikaanza kupepesa pamoja, kwa kasi, kama kundi linalopigiwa ngoma moja. Kijana akachomoa waya wa redio. Kabla hajauweka mezani taa zilikuwa zimetulia.

Na watu wengi leo wanaweza kukutana na jambo hili majumbani. Vile visanduku vya intaneti vinavyouzwa viwili viwili au vitatu vitatu, vinavyosemezana vyenyewe kwa redio kuanzia sebuleni hadi chumbani: mwenye nyumba huviunganisha pia kwa waya ili viende kasi. Vilivyotengenezwa vizuri hutambua na kuziba njia moja, vingine havitambui. Ukiona taa zinapepesa pamoja, chomoa waya mmoja baada ya mwingine, ukingoja kidogo kila mara. Ukigusa ule wenyewe utaona.

Hospitali ilinunua swichi mbili zenye kanuni ya mti, na hata hapo tuliteleza. Tulizichomeka zilivyo, mtandao ukawa salama lakini mzito. Tukagundua kwamba njia iliyozibwa ni ya waya, na iliyoachwa wazi ni ya redio! Swichi haijui kwamba ng'ambo ya tundu lake kuna redio dhaifu. Inaona waya mfupi wa kasi uleule. Njia zikilingana huchagua kwa namba ya tundu, na kijana alikuwa ameichomeka redio tundu la 1 na waya tundu la 2. Ikabidi tuiandikie swichi kwa mkono kwamba njia ya redio ni ya gharama kubwa. Shina nalo tulilichagua wenyewe. Ukiziacha swichi zichaguane, zote huanza na kipaumbele kilekile cha 32768, na ushindi humwendea mwenye namba ndogo ya kiwandani, ambaye mara nyingi ni swichi kuukuu iliyosahauliwa stoo. Tuliipa ya masijala 4096. Kisha tukauchomoa waya wa ardhini kwa makusudi, tukahesabu, na redio ikashika. Tuliurudisha waya, redio ikaziba mdomo. Tulirudia mara tatu kwa furaha, mpaka mama wa maabara akatuma mtu kuuliza kama tumerukwa na akili.

Nilikwenda maabara kumwomba radhi kwa kicheko changu. Alisema alishasahau, jambo ambalo sidhani lilikuwa kweli.

Juni nilimwandikia mkurugenzi wa hospitali. Nilieleza kwamba shauri la njia mbili lilikuwa langu, kwamba kijana alitekeleza alichoambiwa na mtu aliyemzidi umri kwa miaka 30 na zaidi, na kwamba aliyegundua dalili ni mama wa maabara na aliyethibitisha ni kijana mwenyewe kwa daftari lake. Niliomba barua ya onyo iondolewe. Nilijibiwa kwa adabu kwamba barua yangu imepokelewa na itawekwa katika jalada. Ya onyo haikuondolewa. Zote mbili zilikaa humohumo, moja juu ya nyingine.

Kijana alihama mwaka uliofuata, akapata kazi Dar es Salaam. Siku ya kuondoka alinipitia nyumbani, akaniachia lile daftari la buluu. "Mzee, wewe ndiye mwenye kupenda historia," akasema. Ninalo hadi leo. Ukurasa wa Aprili una doa la maji, na pembeni yake, kwa mwandiko wake mdogo, ameandika saa ambayo mvua ilikatika.